Mpunga Mwekundu wa Shangazi Subilaga

Bouaké, Kodivaa

Kwa Baba yangu mpendwa,

Ugonile, Tata. Natumaini barua hii itakukuta umesharudi kutoka shambani, umenawa miguu, na miwani yako imepatikana, maana haijawahi kulala mahali pamoja siku mbili. Goti linaendeleaje tangu mvua zianze? Presha ya Mama imetulia? Chai mmechuma, au mvua ya Ikuti imewafungia ndani tena? Mimi mwilini sijambo. Huku ni jua na upepo mkavu, vumbi lekundu linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Nakohoa kidogo asubuhi, si la kukutisha. Kuhusu moyo, siwezi kuandika kwamba sijambo, kwa hiyo naliacha hapo.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Baba, kila nikipiga na kumtaja Shangazi Subilaga unaniambia mtandao unasumbua. Mtandao wa Ikuti una akili sana, unajua neno la kukatikia. Ndiyo maana naandika kwa mkono. Kurasa hizi nitazipiga picha nimtumie Lusajo, azichapishe kwenye duka la fotokopi pale mjini, akuletee leo hii. Nimemkataza asisome, na najua atasoma. Lusajo, mdogo wangu, ukishasoma funga mdomo wako, utaona mwenyewe kwa nini.

Leo asubuhi nilikuwa bado sijavaa viatu, Mama Zuhura akanipigia. Unamjua, yule mama muuza mchele wa mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu, aliyempa Shangazi chumba cha uani tangu alipoondoka bondeni. Si mtu wa maneno mengi. Leo aliongea bila kupumzika.

"Mwanangu," akasema, "mimi si ndugu yenu, na dini yetu si moja, lakini ukweli nakwambia. Hospitali wamenirudishia mgonjwa, wamesema akapumzike nyumbani. Uji haupiti tena. Maji nampa kwa kijiko. Na kila mlango ukilia anafumbua macho anauliza, kaka amekuja? Sasa nimjibu nini? Nimechoka kumwambia bado."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kitandani na kiatu kimoja mkononi nikalia.

Baba, nivumilie nikusimulie mambo ambayo unayajua kuliko mimi. Nataka uyasikie mara moja kwa mdomo wa mtu mwingine.

Babu alipofariki, mume wa Shangazi, Mungu amlaze pema, alileta ng'ombe wa msiba kutoka Kyela kama inavyompasa mkwe. Ng'ombe yule hakuchinjwa. Ulisema watu wameshakula vya kutosha, ukambakiza zizini, na baadaye akageuka mabati ya nyumba tunayolala. Shangazi akarudi kwa wakwe zake wakamcheka, kwamba kumbe ng'ombe wao hakufaa hata kuombolezea. Hakukutukana. Hakukusengenya kwa majirani. Alinuna tu, akanung'unika moyoni mwake kama dada anavyoweza kumnung'unikia kaka. Na kwetu manung'uniko ya ndugu si jambo la kupuuzwa. Wazee wanaiita mbepo, ile pumzi ya watu waliokasirika kwa haki, inayompata mkosaji kama baridi, ikamwingia mwilini, au kwenye ng'ombe wake, au shambani.

Halafu ukaja mwaka wa mafuriko. Mto ulisomba kitalu chako, ukaomba miche kwa watu wa ng'ambo, ukaipanda. Shangazi alikuwa ameshafiwa na mumewe, amerudi kulima kipande cha ukoo kule bondeni, na mashamba yenu yalipakana, tuta moja tu katikati. Kufikia palizi, la kwake lilikuwa kijani kibichi, la kwako limegeuka njano lote, mimea imedumaa, na masuke yaliyotoka baadaye yalikuwa makapi. Wala halikuwa lako peke yako, bonde zima liliugua kimyanga, ule ugonjwa wa kugeuza mpunga njano, mwaka ule. Lakini macho yako yaliona tuta moja.

Kwenye kikao cha ukoo nilikuwepo, nimekaa karibu na mlango na Mama. Hakuna aliyemtaja mtu. Ni yeye mwenyewe aliyesimama, ameshika kata ya maji, akasema kwa sauti ile yake ndogo: "Kaka, ni mimi. Nilikukasilikia juu ya ng'ombe. Moyo wangu ulisema vibaya. Mpunga wako nimeuua mimi. Nisamehe, tupulise maji, yaishe."

Hivyo ndivyo wanavyofanya watu wetu, Baba. Mtu anaitoa hasira yake kwa mdomo, anapiga funda, analipuliza chini, na mwenzake vivyo hivyo, kisha watu wanakula pamoja. Wewe uliinuka ukasema, "Amekiri mwenyewe, mmesikia. Mimi ni mzee wa kanisa, sipulizi maji na mchawi." Ukatoka. Yeye akabaki amesimama na kata yake mpaka Mama alipomwondolea.

Nisamehe kwa hili ninaloandika sasa, maana binti hamsemi hivi baba yake. Habari ya mbepo uliiamini. Habari ya maji ukaiita ya kipagani. Ulichukua nusu ya mila ukaacha nusu, na nusu uliyoiacha ndiyo iliyokuwa na dawa.

Mwezi haukuisha akaambiwa aondoke bondeni, shamba ni la ukoo. Mjane, bila mtoto, akaja Tukuyu na mfuko wa nguo na debe la mbegu. Hakubisha, kwa sababu aliamini amestahili.

Sasa nikuambie habari za kazi yangu hapa kwenye kituo cha utafiti, na tafadhali usiruke kurasa. Najua unapenda kuwaambia watu kanisani kwamba binti yako ni daktari wa mpunga. Mimi siutibu, Baba, mimi ndiye ninayeuambukiza. Tunachukua majani yenye kimyanga, tunayatwanga, tunachanganya na maji na unga laini unaokwaruza kidogo, kisha tunachovya vidole na kuyasugua majani ya miche michanga, mmoja mmoja, kama unavyompaka mtoto mafuta. Halafu tunasubiri kuona upi utaugua. Mche unaobaki kijani ndio tunaoutafuta. Tunachunguza vinasaba vyake, yaani maagizo ambayo mbegu huyarithi kwa wazazi wake, tujue umejikinga kwa kitu gani, ili kinga hiyo tuipeleke kwenye mpunga ambao watu wanaupenda.

Nilipokuja likizo nilikaa mchana mzima kwa Shangazi. Alikuwa ameketi uani kwa Mama Zuhura, ungo mapajani, anachambua mchele wa kuuza. Amekonda, lakini vidole vilikuwa vyepesi vile vile. Nikamwambia ninachofanya, akacheka mpaka akafuta machozi. "Mwe! Yaani Wasungu wanakulipa uuguse mpunga?" Nikamwambia si Wazungu, ni Waafrika wenzetu. Akasema basi ndio vibaya zaidi.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo lililofungwa kitambaa. Ule mpunga mwekundu wa Bibi. Unaukumbuka? Wenye ndevu ndefu, mchele wake hauna harufu, sokoni wanaunyanyapaa. Bibi alimpa mbegu siku aliyoolewa kwenda Kyela. Wewe ulirithi shamba, yeye alirithi mbegu, na wewe ulishaacha zamani kuupanda kwa sababu ule wa kunukia unauzika. Alikuwa hana hata kipande cha ardhi, lakini kila mwaka alimwomba mtu mahali padogo pembeni mwa bonde, aoteshe, mbegu ya mama yake isife. Nikamwomba kidogo. Akanijazia viganja viwili, akasema, "Chukua, lakini usiutese sana."

Vibali vilichukua muda, ila hatimaye nilisafirisha mbegu zake, pamoja na zile zako za kunukia ambazo Mama alinifungashia. Nikaziotesha pamoja, nikazisugua ugonjwa kwa vidole hivi hivi. Wa kwako uligeuka njano mbele ya macho yangu, kama ulivyogeuka mwaka ule. Wa Shangazi ulisimama. Nikarudia, ukasimama. Nikatumia ugonjwa mkali zaidi tulio nao, ukasimama.

Ili kujua kinga imekaa wapi, ilibidi niuozeshe mmoja kwa mwingine. Unakata maua madogo kwa mkasi asubuhi kabla hayajafunguka, unaondoa chavua yake, unanyunyizia chavua ya mwenzake. Niliuozesha mpunga wako kwa wa Shangazi. Watoto wao walipoota niliwaambukiza, wakaugua wote, hakuna aliyepona. Siku ile nilijifungia chooni. Niliona kama hata kwenye vyungu vya kuoteshea mnakataa kupatana. Bosi wangu, mama mmoja mpole wa hapa hapa, akanigongea mlango akasema kwa Kifaransa chake cha polepole, subiri wajukuu.

Nikasubiri. Wajukuu walipoota, kama mmoja katika kila wanne alibaki kijani. Maana yake ni hii: kinga hii haijionyeshi mpaka mche uirithi pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Ukiipata upande mmoja unaibeba kimya, hakuna anayejua kama unayo. Tukaifuata kwenye vinasaba mpaka tukaiona ilipo. Kile kirusi cha kimyanga hakina sufuria wala jiko, hupikia jikoni kwa mwenye nyumba, yaani mche wenyewe. Katika mpunga wa Bibi, mwiko mmoja wa jikoni humo umepinda kidogo tu. Mwenyewe anautumia bila shida, mgeni haumkai mkononi. Basi. Ni hicho tu kilichoweka shamba lake kijani.

Baba, hakukuua mpunga. Miche uliyoomba ng'ambo ilikuja tayari na ugonjwa, na mikono ya wote waliokusaidia kupanda na kupalilia ikausambaza, mche hadi mche. Angekupenda siku ile kama malaika, shamba lako lingekuwa njano. Na wewe ungemchinjia ng'ombe wawili, la kwake lingekuwa kijani.

Majibu yalipothibitishwa sikuweza kungoja. Nilimpigia Shangazi, wakati huo bado hajalala kitandani moja kwa moja. Nilikuwa napiga kelele kwenye simu. Nilifikiri nampelekea furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikasikia ungo unawekwa chini.

"Kumbe si mimi?" akauliza.

"Si wewe, Shangazi. Hata ungemkasirikia mpaka leo."

"Basi huku nilikuwa nakaa kwa ajili gani, mwana gwangu?"

Alikuwa ameishi miaka yote ile na kosa lake, amelizoea, anaamka nalo anasali nalo, na angalau lilimpa sababu ya kukaa uani kwa watu. Mimi nimemnyang'anya kosa, sikumpa chochote cha kuweka mahali pake. Kisha akasema neno ambalo sitalisahau.

"Usimwambie baba yako."

Nikamuuliza kwa nini.

"Namjua kaka yangu. Akiwa na haki, siku moja atakuja kunisamehe, hata kwa kuchelewa. Akijua ni yeye aliyekosa, haya itamfunga miguu, sitamwona tena. Mwache na haki yake. Mimi nataka aje tu."

Nilimtii, Baba. Nilimtii mpaka leo asubuhi. Ila haki yako imekaa Ikuti muda wote huu na haijawahi kuteremka Tukuyu hata siku ya soko, na Shangazi hana tena siku za kuingoja. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Nakujua na wewe una kovu lako, nimekuona unavyokaa kimya wali wa ule mpunga wa kunukia ukipakuliwa. Kwa hiyo nimevunja ahadi yake, nimekueleza yote, na haya unayoiona sasa hivi hapo kwenye kiti chako ni ya kwako, jikaze nayo. Nakuomba tu isikufunge miguu. Chukua bodaboda, hata kama unazichukia. Mwombe Mama akutolee lile koti zito.

Msalimie Mama, mwambie nimepata vile viazi vitamu vikavu na nimevimaliza kwa uchoyo, sikumgawia mtu. Msalimie mke wa Lusajo na mwambie nasubiri habari njema ya mtoto. Wasalimie mama mdogo kule Kawetele, yule aliyenifundisha kupepeta, na jirani yetu mchunga ng'ombe, na mchungaji pamoja na wanakwaya wote wanaoniombea. Mwambie Mama Zuhura, ukimkuta mlangoni, kwamba mimi ni mwanawe pia kuanzia leo, na wewe umshukuru kwa mikono miwili, kama inavyostahili.

Sasa lile ninalokuomba hasa. Ukifika, usimwambie kwamba unajua. Utatamani kupiga magoti umwombe radhi, nami natamani ningekuwepo nikuone ukifanya hivyo, lakini usifanye. Ukifanya atajua nimesema, na atafikiri haya ndiyo iliyokuleta. Yeye alikuwa anangoja kaka aje kwa upendo wake. Kaa kitandani pake, mshike mkono. Akikuambia, "Kaka, nisamehe mpunga wako," usimkatize, usimsahihishe. Mjibu, "Nimekusamehe, mdogo wangu." Kisha omba maji, upige funda upulize, naye umlowanishe midomo, maana hana tena nguvu ya kupuliza mwenyewe. Utakuwa umemsamehe mtu ambaye hakukukosea, na hutakuwa na wa kumwambia. Ubebe mzigo huo hivyo hivyo kimya kimya, Baba, yeye wa kwako ameubeba muda wote huu.

Ni mimi binti yako,
Tusajigwe